Jibu kwa mwalimu: malezi ya Kimormoni humjenga mgombea wa namna gani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari huko Eldoret. Vijana wawili wa Kimarekani, shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, walimbishia hodi wakazungumza naye kwa adabu, na tangu siku hiyo amekuwa akisoma habari za kanisa lao. Katika kusoma amefika kwa Mitt Romney, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012, na sasa ana maswali kwa mpigo. Malezi na imani ya Kimormoni humfanya mwanasiasa awe mtu wa namna gani? Akiingia Ikulu, si atakuwa anapokea maagizo kutoka makao makuu ya kanisa kule Salt Lake City? Na kama imani ni moja, ilikuwaje mwaka 2020 Romney akapiga kura ya kumtia Donald Trump hatiani katika kesi ya kumwondoa urais, huku Mike Lee, seneta mwenzake wa Utah na muumini mwenzake, akipiga kura ya kumwachia? Chini kabisa ameongeza, kama mtu anayeona haya kidogo: "Na wale wake wengi je?"

Mwalimu, nianze na jina. Tangu mwaka 2018 viongozi wa kanisa hilo wamekuwa wakisisitiza liitwe kwa jina lake kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mimi nitasema Wamormoni kama ulivyosema wewe, kwa ufupi tu, na wenyewe waniwie radhi.

Wamarekani walipoanza kumchunguza Romney, walianzia kwenye mafundisho. Mwaka 2007 Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa akigombania naye tiketi ya chama cha Republican, alimuuliza mwandishi wa gazeti: hivi Wamormoni si wanaamini kwamba Yesu na shetani ni ndugu? Baadaye alimwomba Romney msamaha. Oktoba 2011 mchungaji wa Texas, Robert Jeffress, akasema hadharani kwamba Umormoni ni dhehebu potofu. Wanateolojia wana haki ya kubishana juu ya hayo, na tofauti zipo kweli: Wamormoni hawaukubali Utatu kama ulivyotangazwa kule Nikea, na wana maandiko matakatifu mengine zaidi ya Biblia. Lakini anayetaka kujua mtu atatawala vipi hafiki mbali kwa njia hiyo. Hakuna bajeti iliyowahi kukwama bungeni kwa sababu ya Utatu. Kwa wanasiasa wa kanisa hili mimi huuliza jambo moja kwanza: kanisani alipewa kazi gani, akiwa na umri gani, na aliifanyaje?

Nauliza hivyo kwa sababu kanisa hili, katika ngazi ya chini, halina mchungaji wa mshahara. Kazi zote zinafanywa na waumini wenyewe. Mvulana akifika miaka 12 hivi anawekwa kuwa shemasi, na Jumapili ndiye anayepitisha mkate na maji ya sakramenti kwenye viti (maji, kwa kuwa divai hawagusi, wala chai na kahawa). Wasichana kwa wavulana wanasimama kuhutubia mkutano mzima kabla hawajamaliza shule ya msingi au muda mfupi baadaye. Kila kazi huitwa wito, na wito hauombwi: unaitwa pembeni, unaambiwa, na desturi ni kukubali. Askofu wa kata, yaani usharika wa watu mia kadhaa, anaweza kuwa daktari wa meno au mwalimu kama wewe. Ataitumikia nafasi hiyo kwa miaka mitano hivi bila malipo, kisha ataachiliwa na kurudi kukaa kwenye viti pamoja na wengine. Kata kadhaa zikiunganishwa ni kigingi, na rais wa kigingi naye ana kazi yake nyingine inayomlisha.

Sasa mtazame Romney. Amezaliwa Detroit mwaka 1947. Kuanzia 1981 hadi 1986 alikuwa askofu kule Belmont, nje kidogo ya Boston, kisha hadi 1994 akawa rais wa kigingi cha Boston. Miaka hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiijenga Bain Capital, kampuni ya uwekezaji iliyoanza mwaka 1984 na kumtajirisha. Mchana ananunua na kuuza makampuni. Jioni anakaa na mtu aliyeachishwa kazi, na ndoa inayovunjika, na wahamiaji kutoka Haiti na Kambodia waliokuwa ndani ya kigingi chake. Wanasiasa wengi huanza kukutana na maskini wakati wa kampeni, kukiwa na kamera. Huyu alikutana nao kwa miaka 13 kabla hajagombea chochote.

Nakupa mambo mawili ya kipindi hicho, maana yanaonyesha zaidi ya hotuba zake zote.

La kwanza lilisimuliwa na mzee mmoja na mkewe jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama chake, Agosti 2012. Mwishoni mwa miaka ya sabini mtoto wao wa kiume, wa miaka 14, alikuwa akifa kwa kansa. Romney, wakati huo kiongozi kijana wa kanisa lao, alikuwa akienda kumtazama hospitalini. Kijana alisikia kwamba mgeni wake amesomea sheria, akamwomba amsaidie kuandika wosia. Romney akarudi na karatasi za kisheria, akaketi kitandani kwake, wakaandika: ubao wa kutelezea, roketi za kuchezea na vifaa vya kuvulia samaki viende kwa marafiki, bunduki ndogo iende kwa ndugu yake. Kijana alipofariki, Romney ndiye aliyezungumza kwenye mazishi.

La pili ni la mwaka 1993. Wanawake wa kigingi chake walikuwa na manung'uniko ya muda mrefu kuhusu nafasi yao kanisani, maana ukuhani ni wa wanaume peke yao. Romney akaitisha kikao, wakaja wengi, akasimama mbele akaandika hoja zao moja baada ya nyingine. Akazipitia. Kila lililokuwa ndani ya mamlaka yake na ambalo hakuona sababu ya kulikataa, alilikubali. Mojawapo lilikuwa kuweka meza za kubadilishia watoto nepi kwenye vyoo vya wanaume, ili akina baba nao washike zamu. Suala lenyewe la ukuhani halikuguswa. Hilo ni la Salt Lake City, na yeye hakuwa mtu wa kulianzishia vita.

Ukinibana nikueleze Romney kwa kisa kimoja, nitachagua hicho cha pili. Ni msimamizi. Anapenda tatizo liandikwe ubaoni, lipangwe, litatuliwe, na haulizi kama ubao wenyewe umetundikwa mahali pabaya. Ndivyo alivyoiokoa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City ya mwaka 2002, iliyokuwa imegubikwa na kashfa ya hongo alipoichukua mwaka 1999. Ndivyo, akiwa gavana wa Massachusetts, alivyopitisha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2006 akishirikiana na bunge la wapinzani wake. Mikono mizuri ya kazi, lakini wapiga kura waliotaka kusikia moto hawakuusikia. Na kile kisa cha wosia, ambacho kingewagusa wengi, timu yake ilikificha hadi siku ya mwisho ya mkutano mkuu, kwa hofu kwamba ukitaja askofu utataja na Umormoni.

Tukija kwenye umisionari, yaani hao vijana wako wawili: siku hizi wavulana huenda wakiwa na miaka 18 kwa miaka miwili, wasichana nao na miaka 18 (hadi mwaka 2025 ilikuwa 19) kwa mwaka mmoja na nusu, kwa gharama zao na za familia. Romney aliitumikia Ufaransa kuanzia 1966 hadi 1968, miezi 30. Piga picha ya kijana wa gavana wa Michigan, kwenye mji wa bandari wa Le Havre, anabisha milango ya watu wanaokunywa divai mchana, wengi wao Wakatoliki au wasio na dini, wakati Marekani inachukiwa kwa sababu ya vita vya Vietnam, na anachotaka kuwaambia ni kwamba waache divai. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Juni 1968 gari alilokuwa akiendesha liligongwa na gari lililohama upande wake. Mke wa rais wa misheni alifariki, na Romney mwenyewe kwa muda alidhaniwa amekufa. Rais wa misheni alirudi Marekani kumzika mkewe na kujiuguza, na kijana wa miaka 21 pamoja na mwenzake wakaachiwa misheni yenye vijana zaidi ya mia moja, waliovunjika moyo, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye migomo ya Mei.

Umisionari huzalisha mambo ambayo unaweza kuyatambua kwa mgombea hata bila kuambiwa. Ngozi ngumu, kwa kuwa mtu aliyefungiwa mlango kwa miaka miwili haogopi kushindwa. Romney alishindwa na Ted Kennedy mwaka 1994, akashindwa na John McCain mwaka 2008, akarudi tena. Lugha na nchi za watu: Jon Huntsman, aliyekuwa gavana wa Utah, alijifunza Kichina akiwa mmisionari Taiwan, na mwaka 2009 Barack Obama akamtuma kuwa balozi China. Jeff Flake wa Arizona alitumwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya themanini, akajua Kiafrikana, akarudi tena kufanya kazi Namibia wakati nchi hiyo inaelekea uhuru, na alipokuwa seneta alikuwa mmoja wa wachache waliozijua siasa za kusini mwa Afrika kwa macho na si kwa ripoti.

Lakini kuna gharama yake, na hapa nasema maoni yangu. Anayefundishwa kutabasamu kwa kila anayefungua mlango hupata adabu fulani laini isiyo na mwanya. Wapiga kura walimwona Romney kama mtu aliyepigwa pasi. Sidhani alikuwa mnafiki. Alikuwa mmisionari mzuri kupita kiasi.

Fedha nazo zina somo. Mmormoni mwaminifu hutoa zaka, asilimia 10 kamili. Romney alipotoa hadharani hesabu zake za kodi za 2010 na makadirio ya 2011, ilionekana kwamba yeye na mkewe walilipa kanisa angalau dola milioni 4.1 kwa miaka hiyo miwili, katika kipato cha zaidi ya dola milioni 42. Juu ya zaka kuna matoleo ya mfungo: Jumapili ya kwanza ya mwezi familia inaruka milo miwili na thamani yake inapewa askofu kwa ajili ya wahitaji. Askofu ana ghala la chakula, mpango uliopangwa upya mwaka 1936 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Anayesaidiwa hutakiwa kufanya kazi kadiri ya uwezo wake, hata kama ni kupanga makopo rafuni, kwa sababu lengo linalotajwa kila mara ni kujitegemea.

Mpango huo ukiuona kwa karibu ni wa kuvutia. Sasa ulinganishe na maneno ya Romney aliyorekodiwa kwa siri mwaka 2012, mbele ya matajiri kule Florida, kwamba asilimia 47 ya Wamarekani wanaitegemea serikali na kamwe hataweza kuwashawishi wajibebe wenyewe. Maneno yale yalimgharimu sana. Sisemi kanisa lilimfundisha kudharau watu. Mtu aliyekaa kitandani kwa mtoto anayekufa hakuwa na dharau. Naona jambo jingine. Askofu anamjua kila anayemsaidia kwa jina, anajua nani mgonjwa na nani mvivu, na anaweza kumdai kazi bila kumuumiza. Rais hamjui yeyote. Kanuni iliyo ya huruma kwenye kata ya watu mia nne, ikipandishwa bila kubadilishwa hadi taifa la watu milioni mia tatu, inageuka hukumu kwa watu usiowajua. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo hiyo ya wajibu wa mtu binafsi ndiyo aliyoitumia kuitetea sheria yake ya bima ya 2006, iliyomtaka kila mkazi awe na bima. Chama chake baadaye kiliipiga vita sheria ya Obama iliyofanana nayo, naye akaungana nacho.

Kuna pia kumbukumbu ya kuonewa. Hii wasioijua historia yao hawaioni, na wewe kama mwalimu wa historia utaipenda. Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Siku chache baadaye 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill. Amri hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1976 tu. Juni 1844 mwanzilishi na nabii wao, Joseph Smith, aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa mahabusu kule Carthage, Illinois, na wakati huo alikuwa, usishangae, mgombea urais wa Marekani. Moja ya ahadi zake ilikuwa serikali iwanunulie watumwa uhuru kwa fedha za mauzo ya ardhi ya umma. Julai 1847 waliosalia wakafika bonde la Salt Lake, ambalo wakati huo lilikuwa bado ardhi ya Mexico. Hadi leo tarehe 24 Julai ni sikukuu ya Utah, na vijana wa makanisa huvaa nguo za kale wakavuta mikokoteni milimani kwa siku kadhaa, ili miguu yao ikumbuke yale ya mwaka 1856, walipokufa zaidi ya watu 200 kwa baridi na njaa njiani.

Mtoto aliyelelewa hivyo anategemewa kuwa na jicho la huruma kwa wanaofukuzwa. Mara nyingine inakuwa. Desemba 2015, Trump alipotaka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani, kanisa lilitoa tamko la uhuru wa dini likinukuu maneno ya Joseph Smith mwenyewe. Mwaka uliofuata, Utah, jimbo linalochagua Republican usingizini, lilimpa Trump asilimia 45 tu, na zaidi ya asilimia 21 ilimwendea Evan McMullin, Mmormoni asiyejulikana na mtu. Lakini mara nyingine haiwi. George Romney, baba yake Mitt, alizaliwa Mexico mwaka 1907, na mwaka 1912 familia yake ilikimbilia Marekani kwa sababu ya mapinduzi. Alikuwa mkimbizi wa miaka mitano. Mwanawe, akisaka tiketi ya chama Januari 2012, alisema suluhisho kwa wahamiaji wasio na vibali ni kuwabana hadi wajirudishe makwao wenyewe. Kura za mchujo zina nguvu kuliko mikokoteni. Na hilo la Utah halikudumu: mwaka 2020 Trump alipata huko asilimia 58.

Sasa Salt Lake City na maagizo. Hofu hii ni ya zamani. Reed Smoot, mmoja wa mitume 12 wa kanisa, alipochaguliwa seneta mwaka 1903, Seneti ilimchunguza hadi 1907, nusu ya maswali yakiwa ni hilo lako. Akabaki seneta hadi 1933. Na mwaka huo wa 1933 ndio unaonipa jibu ninalolipenda. Marekani ilikuwa inapiga kura kuondoa marufuku ya pombe. Rais wa kanisa, Heber J. Grant, aliwasihi waumini wasikubali. Zilihitajika kura za majimbo 36. Jimbo la 36, lililokata shauri tarehe 5 Desemba na kuirudisha pombe nchi nzima, lilikuwa Utah.

Mfano wa pili uko ndani ya nyumba ya Romney. Mpaka Juni 1978 kanisa hili liliwanyima ukuhani watu weusi. George Romney, akiwa gavana wa Michigan, aliandamana na watetezi wa haki za weusi mwaka 1963. Januari 1964 mtume mmoja wa kanisa, Delbert Stapley, akamwandikia barua ya kumuonya kuhusu msimamo huo. George hakubadilika, mwaka ule ule alikataa kumuunga mkono Barry Goldwater, mgombea wa chama chake, na mwaka 1965 aliandamana tena Detroit baada ya polisi kuwapiga waandamanaji wa haki za weusi kule Selma, Alabama. Ila hakulihama kanisa, wala hakulishambulia hadharani kwa katazo lile. Mitt amesimulia kwamba siku katazo lilipoondolewa alisikia redioni akiwa anaendesha, akasimamisha gari kando ya barabara akalia. Wazo la kupaza sauti kabla ya siku hiyo halikuwamo katika malezi yake. Huo ndio mtindo utakaouona kwa wengi wao: utii ndani ya kanisa, uhuru mkubwa nje yake.

Kanisa lenyewe lina desturi ya kutotaja mgombea. Huzungumza pale linapoona jambo ni la maadili: mwaka 1981 lilipinga makombora ya nyuklia ya MX kuwekwa kwenye majangwa ya Utah na Nevada, na mwaka 2008 liliwahamasisha waumini wa California kuunga mkono kura ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, kampeni iliyowaletea chuki nyingi. Desemba 2007 Romney alisimama Texas akaahidi kwamba hakuna kiongozi wa kanisa lake au la mwingine atakayegusa maamuzi yake ya urais. Katika hotuba nzima alilitaja neno Mormoni mara moja. Ahadi yenyewe naiamini. Simu kutoka Salt Lake City si jambo la kukunyima usingizi, mwalimu. Anayekulia kanisa ambalo karibu kila kiongozi ni jirani yake, rafiki wa baba yake au askofu wake wa zamani, hahitaji kupigiwa simu. Anajua nini kitawasikitisha.

Romney na Lee, basi. Katika Mafundisho na Maagano, moja ya vitabu vyao vitakatifu, sehemu ya 101, Mungu anasema aliisimamisha Katiba ya Marekani kwa mikono ya watu wenye hekima aliowainua kwa kazi hiyo. Kwa Wamarekani wengine Katiba ni hati ya kujivunia. Kwa Mmormoni ina harufu ya maandiko. Ukiongeza kwamba hekaluni wanaweka maagano mazito mbele za Mungu, utaelewa kwa nini neno kiapo kwao si maneno ya sherehe.

Tarehe 5 Februari 2020 Romney alisimama Seneti, sauti ikamkwama, akasema yeye ni mtu wa dini sana na kwamba kiapo mbele za Mungu ni jambo zito kwake. Kisha akawa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Rusty Bowers, spika wa bunge la Arizona na Mmormoni, aliwaambia wachunguzi wa ghasia za tarehe 6 Januari 2021 kwenye bunge la Marekani kwamba alikataa kubatilisha matokeo ya uchaguzi kwa sababu ni sehemu ya imani yake kuwa Katiba ilivuviwa na Mungu. Wiki chache baadaye alishindwa kura ya mchujo vibaya.

Mike Lee amelelewa kwenye maandiko hayo hayo, na tena kwa wino mzito zaidi: baba yake, Rex Lee, alikuwa wakili mkuu wa serikali ya Reagan mbele ya Mahakama ya Juu, kisha rais wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Oktoba 2020, kwenye mkutano wa kampeni Arizona, Lee alimlinganisha Trump na Kapteni Moroni, shujaa wa Kitabu cha Mormoni aliyepasua vazi lake, akaandika juu yake maneno ya kutetea dini, uhuru na familia, na kulipandisha kama bendera. Waumini wengi waliudhika, wengine wakashangilia. Ukimsikiliza Lee, Katiba takatifu maana yake ni serikali kuu ibanwe isitanuke, na anayeibana ni mwenzetu hata akiwa na ulimi mchafu. Ukimsikiliza Romney, Katiba takatifu maana yake ni kwamba aliyeapa asiitumie ofisi kwa faida yake. Imani imewapa wote wawili uzito wa jambo. Jibu wamelitoa kwingine, Lee kwenye harakati za kihafidhina zilizomfikisha Seneti mwaka 2011, Romney kwa baba aliyemwona akikataa kukifuata chama chake pale dhamiri ilipogoma. Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, Harry Reid wa Nevada, aliyewaongoza Wademokrati kwenye Seneti kwa miaka kumi na miwili, alikuwa Mmormoni pia, na aliwaambia wanafunzi wa Brigham Young mwaka 2007 kwamba yuko chama hicho kwa sababu ya imani yake. Mwaka 2012 ndiye aliyedai Romney halipi kodi, dai ambalo halikuwa kweli.

Wake wengi. Joseph Smith ndiye aliyeanza, mrithi wake Brigham Young akaendeleza kwa wingi, na serikali ya Marekani ikawabana kwa sheria hadi ikataifisha mali za kanisa mwaka 1887. Mwaka 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, akatangaza kuacha, na mwaka 1896 Utah ikakubaliwa kuwa jimbo. Baadhi walikuwa wameshahamia Mexico kukwepa mkono wa sheria, akiwemo baba wa babu yake Mitt, Miles Park Romney, mume wa wake watano. Ndiyo maana George alizaliwa huko. Mitt mwenyewe, alipoulizwa kwenye televisheni mwaka 2007, alisema hawezi kufikiria kitu kibaya zaidi kuliko ndoa za mitara. Leo muumini anayeoa mke wa pili anatengwa na kanisa, na kanisa halibatizi aliye kwenye ndoa kama hiyo hata pale inaporuhusiwa kisheria. Kwa hiyo mwanamume wa Eldoret mwenye wake wawili, ambaye sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haina neno naye, akienda kuomba ubatizo kwao atarudishwa nyumbani.